Ushoroba wa Bujingijila upimwe kwa miti iliyoshikana matawi

Mhariri,

Kila msimu wa mvua taarifa za upandaji miti huja na tarakimu moja: idadi ya miche iliyopandwa. Sehemu nyingine tarakimu hiyo yaweza kuwa na maana. Bujingijila haina. Huu ni ushoroba mwembamba wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania unaounganisha msitu wa Mlima Rungwe na msitu wa Livingstone ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, na kila upande wake wanaishi kipunji, mnyama wa jamii ya nyani na kima asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani. Ombi letu kwa wanaousimamia, na kwa gazeti hili linapoandika habari zake, ni kwamba tuache kuhesabu miche siku inapopandwa, tuanze kupima ni mita ngapi kipunji anaweza kupita juu ya miti bila kukanyaga ardhi.

Kwa msomaji asiyemfahamu: Wanyakyusa waishio kuuzunguka Mlima Rungwe walikuwa na jina lake kabla mwanasayansi yeyote hajamwona. Watafiti walimthibitisha hapo Rungwe mwaka 2003. Mwaka 2004 timu nyingine, bila kujua kazi ya wenzao, ikamkuta katika msitu wa Ndundulu kwenye Milima ya Udzungwa, na mwaka 2005 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya. Mwanzoni, kwa kufuata umbo, aliwekwa pamoja na mangabey, kima wengine wakubwa wa Afrika. Kisha dume mmoja mchanga akafa katika mtego wa mkulima kwenye shamba la mahindi huko Rungwe, na mwili wake ukawapa wataalamu mifupa na vinasaba vya kupima. Vipimo vikaonyesha kwamba ukoo wake uko karibu zaidi na nyani, na mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la spishi zilizo karibu kiukoo) yake peke yake, Rungwecebus. Tangu 1923 hakukuwa na jenasi mpya ya jamii ya nyani na kima iliyotambuliwa barani Afrika. Shamba la mahindi na mtego wake tutavirudia baadaye, kwa sababu havijatoka katika habari hii.

Kumtambua si kazi ngumu. Ana manyoya marefu ya rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, yanayomkinga na baridi ya mlimani ambako usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri. Kichwani ana kishungi cha nywele kilichosimama wima. Uso ni mweusi, mashavu yana ndevu ndefu, na weupe uko tumboni na kuelekea ncha ya mkia. Kima wa kawaida, ambaye mara nyingi huishi naye msitu mmoja, hana kishungi hicho. Mlio wake wa kuitana ni mzito, wa chini, kati ya kubweka na kupiga honi, na husikika kutoka mbali kabla mnyama mwenyewe hajaonekana kwenye ukungu.

Sensa ya kwanza kamili, iliyochapishwa mwaka 2008, ilipata kipunji 1,117 katika makundi 38. Kati yao 1,042 walikuwa Rungwe na Kitulo, na 75 tu walikuwa Ndundulu. Eneo lote walimoenea, kwa sehemu zote mbili pamoja, halikufika kilomita za mraba 18. Sasa tazama ramani: Kitulo peke yake ina kilomita za mraba zipatazo 413, na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe ina zaidi ya hekta 13,000. Sehemu kubwa sana ya ardhi hiyo, ijapokuwa inalindwa kisheria, haimfai. Uwanda wa Kitulo ni nyika ya maua, ile inayoitwa Bustani ya Mungu, na kipunji haishi kwenye nyasi. Kule Rungwe kipunji anaonekana kati ya mita 1,750 na 2,450 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye mkanda wa msitu wa ukungu, na mkanda huo umetobolewa na miaka mingi ya kuchana mbao, kuchoma mkaa, kukata mianzi na moto. Hesabu iliyorudiwa zaidi ya miaka kumi baadaye ilionyesha kwamba idadi ya Nyanda za Juu Kusini imepanda, na hayo ni matunda ya doria na ya kazi iliyofanywa pamoja na vijiji. Lakini makundi yanaweza kuongezeka huku yakibaki yametenganishwa, na mwenye kusoma idadi peke yake hatauona utengano huo.

Kwa nini dari la msitu, yaani yale matawi ya juu yanayogusana, ni jambo la kwanza kwa mnyama huyu? Kipunji hula, hulala na hutembea mitini. Makundi ya Rungwe yana wanyama kati ya 25 na 39, na kundi la ukubwa huo haliwezi kushiba kwenye miti michache. Wanakula matunda, majani machanga, maua, mbegu, maganda ya miti, wadudu, na pia kuvumwani, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja kama utando kwenye matawi ya miti mizee. Chakula hicho cha mwisho ndicho watu husahau. Wakati wa baridi, matunda yanapoadimika, mti mzee uliovikwa kuvumwani unalisha kundi kwa namna ambayo msitu wa miti ya miaka kumi hauwezi. Kwa hiyo mti mmoja mkubwa ukiangushwa kwa ajili ya mbao, kundi linapoteza daraja, kitanda na ghala la njaa kwa pigo moja. Ule uwazi unaobaki, jike aliyebeba mtoto ama anazunguka mbali ama anashuka chini. Akishuka anakutana na mbwa, mitego ya nyaya, na chui mahali alipobaki. Mtoto ni mmoja kwa kila uzazi. Kundi halifidii hasara hiyo haraka.

Uwazi huo haujizibi wenyewe kirahisi, na hapa ndipo kampeni nyingi hukwama. Mwanga ukifika chini, wa kwanza kushika ardhi ni kangaga na mimea inayotambaa. Kangaga wana mashina mazito chini ya udongo yanayohifadhi chakula. Ukiwachoma moto unawasaidia, kwa maana moto unaua miche ya miti na kuacha mashina yale salama, nayo huchipua ndani ya wiki chache yakiwa hayana mpinzani. Ukifyeka mara moja kwa mwaka, unapoteza nguvu. Wafyekwe mara mbili au tatu katika msimu wa kukua, wakati majani yao yangali yamejikunja kama mkia wa kinyonga, kabla hayajaanza kurudisha chakula chini. Baada ya misimu miwili au mitatu mashina hudhoofika, na kivuli cha miti hukamilisha kazi. Mimea inayotambaa ikatwe kwa panga karibu na ardhi, na iachwe ikauke huko juu ilipo. Ukiivuta unavunja kilele cha mche ule ule unaotaka kuuokoa. Wala isikatwe yote. Ile iliyopanda miti mikubwa nayo ni njia na chakula cha kipunji. Inayoondolewa ni ile tu inayouelemea mche.

Kabla ya kupanda chochote, watu wapite wakitafuta miche iliyojiotea. Mara nyingi imo humo chini ya kangaga, imedumaa tu. Kuiwekea vijiti vya alama, kuipalilia kwa duara la nusu kipenyo cha mita moja na kuiachia mwanga kunagharimu kidogo kuliko kuotesha mche kitaluni, kuubeba mlimani na kuupanda, na mizizi yake tayari imezoea udongo huo. Kupanda kuwe kwa pale ambapo miche ya asili haipo.

Na panapobidi kupanda, wakati ni jambo la kwanza. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa mikoa mingi ni siku nzuri. Kwenye mwinuko wa Bujingijila mvua huanza Novemba na kupungua Mei, kisha inakuja baridi ya Juni hadi Agosti. Mche uliopandwa Aprili unapata wiki chache tu za kushika mizizi kabla baridi haijauponda. Uliopandwa Desemba au mwanzoni mwa Januari unapata miezi minne au mitano. Sherehe ibaki Aprili kama ilivyopangwa, ila siku hiyo watu wa Bujingijila wapewe kazi ya kupalilia miche ya Desemba. Itafaa zaidi.

Aina za miti nazo hazichaguliwi kwa kuangalia kilichobaki kitaluni. Macaranga ni mti wa mbele: hukua haraka, hufunga kivuli mapema, na kipunji humtumia kwa chakula. Ana miti dume na miti jike, hivyo mbegu hupatikana kwa jike tu, na anayekusanya kutoka mti mmoja ulio karibu na barabara anajaza ushoroba mzima watoto wa mama mmoja. Mbegu zitoke kwenye miti mama 20 au zaidi iliyoachana, na zipandwe zingali mbichi. Bridelia micrantha na Albizia gummifera vinafuatana naye vizuri. Sehemu za juu zenye baridi kali zinamfaa Hagenia abyssinica. Lakini miti hii ya haraka haiishi sana. Ushoroba wenye Macaranga peke yake utapendeza kwa miaka kadhaa, kisha itakapoanza kuzeeka pamoja, dari litatoboka upya. Ndiyo sababu katikati yao iingizwe miti ya polepole, kama Ficalhoa laurifolia na Syzygium, ambayo ndiyo itakayobeba kuvumwani kwa wajukuu wetu.

Nafasi ya mita 3 kwa 3 inakupa miche 1,111 kwa hekta. Mita 2 kwa 2 inakupa 2,500. Kwenye kangaga wengi tunashauri mita 2, kwa kuwa lengo ni kufunga kivuli upesi, si kupata gogo nene la mbao. Mche uwe na urefu wa sentimita 30 hadi 50 na uwe umezoeshwa jua kitaluni kabla ya kutoka. Kiriba, yaani mfuko wa mche, kiondolewe chote. Mche unaozikwa na kiriba chake huonekana mzima mwaka wa kwanza, mizizi ikizunguka humo ndani, kisha upepo wa Rungwe unaulaza. Palizi tatu kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Bajeti isiyo na palizi hizo tisa haina haja ya kununua viriba.

Pia swali la wapi uanzie lina jibu lake. Anza kwenye ukingo wa msitu ambamo kipunji yumo, pande zote mbili, uende katikati kwa mkanda usiokatika. Vipande vya nusu hekta vilivyotawanyika huku na huku, kila kimoja na bango la mfadhili wake, vinajaza taarifa ya mwaka wala havipeleki kundi popote. Barabara za kuzuia moto zisafishwe kabla ya Julai, upande unaopakana na mashamba na malisho, na mifugo isiingie mpaka vilele vya miche vipite urefu wa ng'ombe. Misindano na mikaratusi ipandwe nje ya ushoroba na mbali na chemchemi. Huko inasaidia sana, maana kijiji chenye kuni na nguzo zake hakina sababu ya kuingia msituni usiku. Ndani ya ushoroba haimlishi kipunji wala haifanyi dari analolihitaji.

Sasa turudi kwenye mahindi. Mkulima aliye jirani na msitu si adui wa kipunji, na kumfanya adui ni kosa linalogharimu wanyama. Mahindi yanapoanza kuweka maziwa, kima na wenzake huja alfajiri na tena jioni, na shamba la robo eka linaweza kuharibiwa ndani ya siku chache. Mkulima hutega kwa nyaya au kwa magogo ya kuangukia, akimkusudia kima au nguruwe pori, na mtego hauchagui. Na fidia? Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 ziliwekwa kwa ajili ya wanyama hatari kama tembo, kiboko na simba, na zilimnyima malipo mwenye shamba lililo ndani ya mita 500 za mpaka wa hifadhi. Yaani yule anayekaa ukingoni, anayepata hasara ya kwanza na anayeweza kumwokoa au kumuua kipunji, ndiye aliyeachwa nje. Wizara ya Maliasili na Utalii ikitaka kusaidia mnyama huyu bila kupanda hata mche mmoja, ianzie hapo: itafute njia ya kumfikia mkulima wa mita 500 za kwanza, hata kama si kwa fedha taslimu bali kwa miche ya chai, pembejeo au ujira wa ulinzi wa zamu.

Chai tunaitaja kwa makusudi. Rungwe ni wilaya ya chai, wakulima wake wanaijua kazi hiyo, na majani yake hayavutii kima wala kipunji. Mkanda wa chai kati ya msitu na mahindi unampa mlinzi nafasi ya kumwona mnyama akivuka wazi. Mlinzi akae upande wa msitu. Wengi huweka kibanda katikati ya shamba na kushtuka mahindi ya ukingoni yakiwa yamekwisha liwa. Zamu ya kaya nne au tano zinazopakana, kwa wiki tatu au nne za maziwa ya mahindi, inatosha. Sanamu za kutishia hufanya kazi siku chache tu, kisha wanyama huzizoea. Mbwa wasitumike kabisa: mbwa akishajua kumkimbiza kima shambani humfuata hadi msituni, na anayekamatwa ni mtoto au jike mzito.

Mitego iliyoko ndani ya msitu ni jambo la doria, na doria inafanikiwa kwa kubadilisha siku na njia. Inayopita njia ya gari kila Jumatatu inajulikana na kila mtegaji. Askari na wanakijiji wafuate matuta na vijito, wang'oe waya wote na kuuondoa msituni, kwa sababu waya ulioachwa pembeni ya njia hutegwa tena kabla ya juma kwisha. Kila mtego uandikwe mahali ulipokutwa. Baada ya miezi sita ramani ya mitego itaonyesha njia tatu au nne zinazotumika, na hapo ndipo pa kuweka nguvu.

Ndundulu tunaisemea kwa ufupi, kwa sababu hali yake ni tofauti. Msitu wake, ulio katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero, ni mzuri kuliko wa Rungwe, na kipunji wake wanaishi chini zaidi, kati ya mita 1,300 na 1,750 hivi. Ila makundi manne yenye wanyama 75 katika ile sensa ya kwanza ni idadi ndogo mno. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kipunji wa Nyanda za Juu Kusini wamebeba alama ya kuzaliana na nyani zamani za kale, na wa Ndundulu hawakukutwa nayo. Hivyo Ndundulu haiwezi kuhesabiwa kama akiba ndogo ya Rungwe, wala pasiwe na haraka ya kuhamisha wanyama kutoka huku kwenda kule. Ulinzi mkali dhidi ya uwindaji, na hesabu inayorudiwa kwa njia ile ile kila baada ya miaka michache, ndivyo inavyohitaji.

Kuhusu namna ya kupima Bujingijila, tunapendekeza kitu ambacho kijana wa kijiji anaweza kukifanya kwa kamba, daftari na kifaa cha kuonyesha mahali. Ivutwe mistari mitatu sambamba kutoka ukingo wa Rungwe hadi ukingo wa Livingstone. Kila baada ya mita 10 mpimaji asimame, atazame juu, aandike kama matawi ya mti ulio mbele yake yanagusana na ya mti ulio nyuma. Mwisho wa mstari atajua mambo mawili: ni sehemu gani ya njia imefungwa, na uwazi mrefu kuliko wote una mita ngapi. Hili la pili ndilo linalobeba uamuzi. Njia iliyofungwa kwa asilimia 90 lakini ina uwazi mmoja wa mita 80 bado imekatika, na pesa zote za mwaka unaofuata zinapaswa kwenda kwenye hizo mita 80. Miche nayo ihesabiwe iliyo hai baada ya miezi 3, 12 na 36, na mapengo yajazwe Desemba inayofuata kwa aina ile ile iliyokufa, isipokuwa kama kufa kwake kumeonyesha kwamba haifai hapo.

Tunaliomba Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania wapime mistari hiyo pamoja na vijiji kabla ya Desemba, maana mpaka kati ya taasisi hizi mbili unapita mahali ambapo kipunji hana habari na mpaka wowote. Ramani ya matokeo ibandikwe katika ofisi za vijiji vinavyopakana na ushoroba, ikionyesha uwazi mrefu uliobaki uko wapi na nani amekabidhiwa palizi yake. Nawe, Mhariri, mwandishi wako atakapokwenda kwenye uzinduzi ujao wa upandaji miti huko, aombe kuonyeshwa ramani hiyo, na aulize kuhusu miche ya miaka mitatu iliyopita.

Wako,
Wadau wa misitu ya Nyanda za Juu Kusini